Viti vya Nyuma, Karibu na Jikoni

Kwako Mwalimu Mkuu wangu wa zamani,

Kamati ya wanafunzi wa zamani imetuomba tukuandikie barua za shukrani, zisomwe mbele yako Jumamosi utakaporudi shuleni kufungua jengo lililopewa jina lako. Chini ya jina lako wameandika: Jengo la Ustawi wa Wanafunzi Wote. Nilipofika kwenye hilo neno "wote" nilicheka peke yangu hapa dukani, mpaka mteja akaniuliza kama niko sawa. Wametuambia tukukumbushe mambo mazuri tuliyopitia pamoja. Nitajaribu. Na kwa kuwa najua kamati haitathubutu kuisoma hii, nimeiweka pia kwenye kundi letu la simu, kila mtu ajisomee.

Nakumbuka sauti yako kwenye paredi ya asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani chai. "Katika shule hii hakuna mtoto anayeachwa nyuma!" Ulipenda sana kulisema hilo. Ukishalisema, unawaita mbele wale kumi bora wapigiwe makofi, na sisi wengine unatuambia tubaki hukohuko tulipo tutafakari maisha yetu. Tulitafakari sana, Mwalimu. Hakuna shule iliyotafakari kuliko yetu.

Nakumbuka pia ofisi ya ushauri. Ilikuwa na kibao kizuri mlangoni, na ndani ilikuwa na magunia ya maharagwe. Msichana akija kulia alikaa juu ya gunia. Mwalimu wa ushauri ndiye huyohuyo aliyekuwa mwalimu wa nidhamu, kwa hiyo ukimwambia Jumatatu kwamba hupati usingizi, Jumanne unaadhibiwa kwa kusinzia darasani. Nilienda mara moja tu nikakoma.

Darasani ulitupanga kwa namba. Wa kwanza mbele, wa mwisho ukutani kule nyuma. Mimi nilikuwa wa ukutani, na ubao sikuuona. Niliona kitu cheusi na vumbi jeupe, basi. Kadiri nilivyoshindwa kusoma ndivyo nilivyosogezwa mbali zaidi, na kila muhula mliniandikia kwamba sina bidii. Nilikuja kupimwa macho nikiwa mama wa mtoto. Siku niliyovaa miwani nilisimama njiani nikitazama matawi ya mti, tawi moja moja, na nikakulaani wewe kwa jina lako lote.

Lakini ukiniuliza ninakukumbuka kwa kitu gani hasa, nitakwambia ni viti.

Siku ya Wazazi ilikuwa siku yako kubwa. Tulibandikiwa namba zetu kifuani kwa pini ili wazazi wajue pa kwenda. Wale kumi bora na wazazi wao walikaa chini ya tenti nyeupe, kwenye viti vya mito, wakinywa soda. Wa katikati walipewa viti vya plastiki uwanjani. Sisi wa nyuma tuliwekewa mabenchi ya bwalo kando ya jikoni, moshi ukitupiga usoni asubuhi, na mchana mvua, maana wewe ni mtu wa huku na unajua kabisa kwamba ikifika saa nane mvua itanyesha. Ulijua, na tenti ukaiweka ulipoiweka.

Mama yangu aliomba ruhusa kwa msimamizi wake shambani ili aje. Alivaa gauni lake la kanisani. Vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, hautoki hata ukisugua vipi, na kwenye mfuko alikuwa amebeba ile plastiki anayojifunga kiunoni akichuma chai. Alinitafuta kwa namba kama mlivyomwagiza, akapita tenti, akapita viti vya plastiki, akanikuta kwenye benchi la mwisho. Akaniangalia, akakaa. Akaniweka sawa ile namba kifuani.

Wewe ulisema mengi. Uliposimama kwenye kipaza sauti na kutangaza kwamba shule hii ni familia moja, mama aliinuka. Sijui kama unakumbuka. Mwanamke mfupi, mtu wa kutoka upande wa ziwa, anayeishi kwenye nyumba za wafanyakazi, alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, samahani. Sisi wa huku nyuma, hapa ni shule gani?"

"Mama, hapo ni shule ya kujirekebisha!" ukajibu. "Mkitia bidii mtatufikia huku kwa tenti!"

Watu wakacheka. Waliocheka zaidi ni wale wa katikati, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakiogopa kurudi nyuma. Mama alikaa. Mvua ilipokuja alitoa ile plastiki yake akanifunika kichwa, akabaki yeye na gauni lake la kanisani likilowa, na akasikiliza hotuba yako mpaka mwisho, eti kuondoka kabla mwenye nyumba hajamaliza ni kukosa adabu.

Njiani nilimngoja anigombeze. Alichosema ni hiki tu: "Yule bwana hajui kukaribisha wageni. Kwetu hata askari akija kukamata mtu hupewa kiti kwanza."

Nimeishi na maneno hayo miaka yote, na yamenitosha kuliko masomo yako. Kumjali mtoto aliyeshindwa hakukuhitaji jengo. Kulihitaji kiti, mahali pakavu, na mtu mzima mmoja wa kumuuliza kama anaona ubao. Hayo yalikushinda, ukaenda ukachangisha mabati ya jengo.

Mwaka jana tulionana, ingawa hukunitambua. Uliingia hapa dukani kwangu Sosiot kununua chumvi ya ng'ombe. Nilikuhudumia vizuri, nikakuambia nilikuwa mwanafunzi wako. Ukafurahi, ukaegemea kaunta. Nilidhani utaniuliza jina. Ukauliza, "Ulikuwa namba ngapi?"

"Ya mwisho, Mwalimu."

"Aaa," ukasema, ukichukua chumvi yako. "Ndiyo maana sikukumbuki."

Nakudharau. Nimetafuta neno laini kuliko hilo, kwa heshima ya mvi zako, na sikulipata.

Na ningekuacha ule pensheni yako kwa amani, kama si binti yangu Chelangat. Yuko kidato cha pili, shule ileile, kwa sababu ndiyo iliyompa nafasi. Mwalimu mkuu wa sasa alikuwa naibu wako, na amerithi ofisi yako, kipaza sauti chako na mpango wako wa viti. Jumamosi wazazi nao tumealikwa, kila mmoja akae kwa namba ya mtoto wake. Juzi Chelangat alipokuja nyumbani kwa mapumziko, aliniambia akiosha vyombo, mgongo umenielekea:

"Mum, usikuje hiyo Jumamosi. Nimeanguka, wamenipeleka nyuma. Ukikuja ukalishwe pale kwa moshi, mimi naacha shule. Haki sirudi."

Sikia, Mwalimu. Mtoto huyu anapenda hesabu, anapenda hata kelele za bwenini, na anataka kuviacha vyote ili mama yake asionekane kwenye benchi. Huo ndio ustawi uliotuachia.

Mama yangu anaishi nami siku hizi. Alikuwa mekoni anapuliza moto.

"Bado wanakalisha watu kule jikoni?" akauliza.

"Ndio, dani," mjukuu wake akamjibu.

"Basi si ni viti tu? Tutabeba vyetu."

Kwa hiyo Jumamosi tutakuja. Mama atakuja na kigoda chake, mimi nitaleta viti vya dukani, na tutavipanga pale pale kando ya jikoni, vikiwa na mito, tukae tukiwa tumenyoosha migongo. Nimewaambia wazazi wengine wa nyuma, nao wanabeba vyao. Tumeamua pia kuongeza kiti kimoja, chako. Ukishakata utepe na kupigiwa makofi, njoo ukae nasi uone shule yako kutoka huku, maana huku hujawahi kukaa. Chelangat alisikiliza mpango wote huo bila kugeuka. Halafu akafuta mikono, akasema kiti cha Mwalimu atakibeba yeye.

Kuhusu mvua usiwe na wasiwasi. Mama bado ana ile plastiki yake, na anasema inatosha kukufunika na wewe. Ingekuwa ni mimi, ungelowa.

Ni mimi mwanafunzi wako,
Namba ya Mwisho