Ufunguo wa Baba

Jumatatu, 3 Machi
Leo tena baba ameizunguka Corolla kabla ya kuwasha. Kiganja juu ya bati, tairi hadi tairi, taa, milango. Ndivyo alivyokagua ndege yake ya vita kila asubuhi, na hajaacha. Uzee wote huo na mgongo bado umenyooka. Namhusudu. Ila daktari kasema presha imeyala macho, asiendeshe tena. Nani wa kumkumbusha rubani? Mimi, binti yake. Sijaweza.

Jumatano, 5 Machi
Tulipokuwa Mutakura, almanusura amgonge mtu wa baiskeli. Hakumwona kabisa, mpaka nilipopiga kelele.
"Mi naona. Kelele ya nini?"
Nimeficha ufunguo kwenye ndoo ya unga. Jumamosi, huko Kibenga, wanaondoa matanga ya rubani mwenzake, na anataka kuendesha mwenyewe. Naogopa barabara. Naogopa zaidi kumvunja moyo.

Ijumaa, 7 Machi
Ameuona ufunguo. Kaupangusa unga, kautia mfukoni. Mkaidi huyu. Nina hasira naye na bado najivunia.

Jumamosi, 8 Machi
Tumefika Kibenga. Mungu ndiye ajuaye vipi.
Vinywaji, hotuba. Kisha akasimama mjane. Wakati wa vita, kasema, kioo cha ndege ya mumewe kilijaa oili. Haoni kitu. Akataka kujirusha na mwavuli juu ya milima. Baba akamsogelea, bawa kwa bawa, mafuta yake mwenyewe yakiisha, akamwambia kwenye redio, "We fwata sauti yangu tu." Kushoto kidogo. Shuka. Shuka tena. Hadi magurudumu yakagusa chini.
"Bwana yangu alikubali kuongozwa," kasema mjane. "Njo maana tulizeeka pamoja."
Miaka yote hii baba hajatusimulia. Nililia bila haya. Yeye alitazama chupa yake. Giza limeingia, tunalala hapa kwa mjane.

Jumapili, 9 Machi
Asubuhi baba alilizunguka gari kama kawaida. Tairi, taa. Alipofika mlango wa dereva mkono ulitulia pale kidogo. Kisha akaendelea hadi upande wa pili, akaingia, akaniwekea ufunguo kiganjani. Akafunga mkanda.
"Sema tu, mwanangu. Mi nasikia."
Nikawasha. Baiskeli kulia, nikamwambia. Sasa ziwa, kushoto. Sikunyamaza hadi nyumbani, Mutanga Nord.