Farasi hulishwa

Rispa, shika simu! Nimetoka kwa Caren huku Mbita sasa hivi.

Wazee wa ukoo wa marehemu mumewe walikaa leo kuamua ndugu gani atamrithi Caren awe mkewe. Bonface, shemeji yake, akasimama kifua mbele: "Huyu nitamanage mimi."

Manage, Rispa, eti amsimamie! Mbele ya watoto wake!

Unamjua Caren na Kiingereza chake cha darasani. Akawaeleza polepole kwamba neno hilo lilianza kwa farasi. Unamtia hatamu mdomoni, unamzungusha mpaka atii. Baadaye ndio likaingia madukani na ofisini. Siku hizi mtu akisema anamanage, ni kwamba anasukuma tu maisha. "Na mimi nasukuma," akasema. "Niacheni nisukume."

Nikadhani ameshinda, wallahi.

Bonface akacheka. "Si vibaya. Farasi hulishwa."

Farasi hulishwa!! Wazee wakaangua kicheko, hata mama mkwe wake.

Caren akanitazama. Nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Akaichukua mkononi mwangu, akainama, akaanza kuwamiminia.

Alianza na Bonface.