Anayemzika Katekista

Shikamoo baba,

Nipo Maneromango, mvua imeharibu barabara, na mihogo ya kuchemsha niliyokaribishwa imepoa, maana safari imenichubua, kukaa siwezi. Nilimuuliza mzee Kondradi, katekista mstaafu, chama chao cha makatekista kilianzaje. Akanigeuzia swali kama mtoto wa mafundisho:

"Padri akiwa mbali, nani anazika kigangoni?"

"Katekista."

"Na katekista akifa?"

Akaendelea mwenyewe:

"Mwenzetu wa Soga alishinda kutwa kwenye jeneza, hakuna wa kuongoza ibada. Tulipotoka kumzika tukaanzisha chama."

Baba, kwa ukatekista wako umezika nusu ya kigango chetu, na kila wakikuita chamani unasema huna nafasi. Mungu akuweke sana. Lakini jiunge, nakuomba. Mimi ibada ya mazishi siijui.

Mwanao akupendaye,
Agnesi