Shingo ya Pasta Wafula

Jumanne, 2 Juni 2009

Mazoezi tena. Ukumbi uko Ngara, juu ya duka la jumla la ndoo na mabeseni, na ngazi zenyewe zinatosha kuniua. Daktari alisema nitembeetembee. Kutembea ni kwa wastaafu. Nilichagua jiu-jitsu ya Kibrazili: mnashikana kwenye mikeka, hakuna ngumi, mwenzako anakukunja mpaka ukubali kushindwa. Mimi si mtu wa kukubali. Miaka yote hii ya kuandika makala gazetini, sijamwomba mbunge hata mmoja radhi.

Leo kocha Mutua ameanza kutufundisha kabali ya nyuma. Unakaa nyuma ya mtu, unamzungushia mkono shingoni, kiwiko kinatua chini ya kidevu, unabana. Akikugonga kwa kiganja, unaachilia. Papo hapo. Hiyo ndiyo sheria isiyo na mjadala.

Mwenzangu ni Pasta Wafula. Umri wangu, uzito wangu. Nairobi hii yote, na nimepewa yeye. Kanisa lake la mabati liko nyuma ya nyumba yangu, Riruta. Kipaza sauti chake huniamsha kila Jumapili. Mwezi uliopita niliandika makala nzima nikitaka wahubiri wa aina yake wanyamazishwe. Sikumtaja jina. Anajua.

"Lete shingo, mwandishi," akaniambia. Akanikaba kwa utaratibu kabisa. Nikagonga. Bado nina hasira.

Alhamisi, 4 Juni

Kabali yangu haishiki. Nabana mpaka mikono inatetemeka. Wafula ametulia kama mtu aliye kwa kinyozi. Akauliza kama nimeanza. Ukumbi mzima ukacheka.

Nimesoma kila nilichopata kuhusu mchezo huu. Najua ulikotoka, najua ulivyovuka bahari. Kusoma hakubani mtu.

Nyumbani nimefanya mazoezi kwa mto wa kitandani. Mke wangu akauliza mto umenikosea nini.

Jumanne, 9 Juni

Nimemuumiza.

Niandike ilivyokuwa. Tulikuwa tumekaa tayari, mimi nyuma yake. Akageuza kichwa akasema, "Hii kabali yako ni kama ile makala yako, baba. Kelele mingi, kubana hakuna." Watu wakacheka. Damu ikanipanda. Sikukumbuka kiwiko wala kidevu. Nikamvuta nyuma kwa mfupa wa mkono, moja kwa moja kwenye koromeo. Ngeta. Kila mtu wa mji huu anaijua, ndivyo wezi wanavyokuvamia kutoka nyuma ukipita uchochoroni. Mimi mwenyewe nimewahi kupigwa ngeta. Mwili haukuwa umesahau.

Aligonga. Nilihisi kiganja chake pajani mwangu. Nikabana zaidi.

Mutua alinibandua kwa nguvu. "Mzee! Nakufunza kabali, wewe unampiga mtu ngeta?" Kabali hufunga mishipa ya damu pembeni mwa shingo. Koo haliguswi. Alisema hayo tangu siku ya kwanza.

Wafula alikohoa sana. Alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Akaonyesha koo lake kwa kidole, akatikisa kichwa.

Mutua ameniambia nisirudi mpaka Pasta aseme nirudi. Pasta hawezi kusema.

Jumatano, 10 Juni

Chakula cha mchana Westlands na waandishi wenzangu. Nimebishana nao wote kuhusu katiba. Nimeshinda. Sikumbuki nilisema nini.

Jumapili, 14 Juni

Hakuna kipaza sauti leo. Waliimba kidogo, shemasi akasoma neno kwa sauti ya chini, wakatawanyika mapema. Nilikitaka kimya hiki. Nilikitetea gazetini kwa maneno makali. Asubuhi nzima sikuweza kukaa nacho. Nimepiga viatu rangi, nimevipiga tena.

Alasiri nikanunua mkate na sukari, nikaenda kwake.

Mkewe, Mama Faith, alifungua mlango. "Ni wewe wa gazeti," akasema. Akanipisha. Wafula alikuwa kwenye kochi, skafu shingoni. Hospitali wamemwambia anyamaze kabisa. Sauti huenda ikarudi. Huenda isiwe ile. Mama Faith alinieleza hayo akimimina chai, bila kuniangalia. Mtu anayekula kwa sauti yake, na mimi nimemkanyagia hapo.

Chai ikawekwa. Hakuna aliyegusa kikombe. Katika nyumba kama hizi chai hainywewi bila maombi, na anayeomba ni baba mwenye nyumba. Asipoweza, mgeni.

"Mgeni atuombee," akasema Mama Faith.

Nimeandika dhidi ya maombi kwenye mikutano, shuleni, bungeni, mpaka uwanjani kabla ya mechi. Nikamtazama Wafula aniokoe. Alikuwa ameshafumba macho. Mjanja yule.

Nikasema: "Mungu, asante kwa chai. Mtu huyu alinigonga na sikumwachilia. Haikuwa bahati mbaya, nilimhisi. Mrudishie sauti yake. Yote, hata ile ya asubuhi na mapema. Amina."

"Amina," akasema Mama Faith. Kisha akamgeukia mumewe. "Kumbe alikuhisi? Si uliniandikia kwamba mliteleza?"

Wafula akainua kikombe, akanywa.

Mama Faith akanigeukia. Nilingoja kufukuzwa. Ningeondoka bila neno. "Kunywa," akasema. "Inapoa."

Jumatatu, 15 Juni

Mhariri anataka makala. Nimeanza moja kuhusu viongozi wasiosikia wakiambiwa basi. Nimefuta. Sina uso wa kuiandika wiki hii.

Jumanne, 23 Juni

Mutua alinipigia simu adhuhuri. Pasta amekuja ukumbini, amekaa mkekani, hataki kushikana na mtu mwingine ila mimi.

Nikatoka ofisini mjini, nikaenda kwa miguu mpaka Ngara.

Hakunisalimu. Alinigeuzia mgongo tu, akakaa, akasubiri. Ana kovu dogo nyuma ya sikio. Sikuwahi kuliona.

Mkono ulikuwa mzito. Nilimzungushia polepole, nikatafuta kidevu, nikashusha kiwiko mpaka kikatulia katikati. Koo lake lilikuwa huru, ningeweza kupitisha kidole. Nikafunga taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto mchanga. Nikausikia mshipa wake ukidunda ndani ya mkono wangu, upande huu na upande ule.

Akagonga. Kabla kiganja hakijarudi mara ya pili, nilikuwa nimeshaachilia.

Akakohoa. Kisha, kwa sauti iliyokwaruza kama bati linaloburutwa sakafuni, akasema:

"Tena."

Nikaanza upya.