Makao ya Kudumu

Jumatatu, 9 Agosti 1993
Nimefua. Nimemaliza gazeti la jana. Mchana barua ya chuo kikuu imefika, Neema akaifungua akiwa amesimama. Wamemwandika kama mwanafunzi wa kigeni. Ada ya wageni ni mara kadhaa ya ile ya wenyeji wa Ontario. Hatuiwezi. Mjukuu wangu anaishi hapa Toronto, mtaa wa Jane na Finch, tangu ana miaka sita! Mwisho wa kulipa ni tarehe ishirini na saba, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Jumatano, 11 Agosti
Kosa ni langu. Neema alipiga simu chuoni, wakamsomea fomu. Niliijaza mimi, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na yeye ana haraka. Penye makao ya kudumu niliandika Buyenzi, Bujumbura. Ndivyo nilivyojaza kila fomu tangu tulipokimbia Burundi mwaka 1972.
"Bibi, mimi Buyenzi sijawahi hata kuiona!"
Kwa Kiswahili. Siku zote hunijibu kwa Kiingereza. Ndipo nilipojua amekasirika kweli.

Jumapili, 15 Agosti
Kanisani wanazungumzia kurudi. Uchaguzi wa nyumbani umekwisha salama, watu wanauliza bei za tiketi. Mzee Bernard, jirani yangu wa zamani, enzi nikifundisha shule Buyenzi, kanitania: "Mwalimu, tukuachie baridi yote peke yako?" Sikucheka. Chuo kinataka niape kwamba makao yetu ya kudumu ni Toronto, na nilete ushahidi. Siwezi. Mume wangu amezikwa kule Buyenzi. Nina hasira na sijui ni kwa nani.

Jumanne, 17 Agosti
Neema ameomba kazi kwenye ghala moja la Downsview. Kupanga maboksi. Mwaka mmoja tu, anasema. Nami nilisema hivyo nilipoanza kufagia hospitali. Nilifagia miaka kumi.
Nimevuta sanduku la karatasi zangu kutoka chini ya kitanda.

Alhamisi, 19 Agosti
Nimeapa mbele ya wakili. Nimeandika kwa mwandiko wangu: Toronto. Kisha ofisi ya chuo. Karani aliomba ushahidi mmoja. Lakini mimi situpi karatasi. Kambini Kigoma niliwahi kukosa mgawo wa chakula kwa sababu ya kadi iliyolowa mvua. Nikamwaga sanduku zima mezani: hati za uhamiaji, mikataba ya nyumba, ripoti zote za shule, kadi za chanjo, hata cheti cha Neema cha kuogelea.
Karani akainua mikono. "Mama, basi, basi! Nimeamini!"
Neema alificha uso kwa aibu. Mimi niliendelea kupanga, mwaka baada ya mwaka.

Jumatano, 25 Agosti
Tumeshinda! Ada ya wenyeji, imeandikwa wazi. Nimepiga vigelegele kwenye korido hadi jirani yetu Mjamaika akatoka na mwiko mkononi, akauliza nani anaolewa. Nikamwambia haolewi mtu, anasoma mtu. Naye akapiga kelele zake. Nina miaka sitini na nane na nimecheza ngazini. Maboksi wapange wengine.

Jumatatu, 13 Septemba
Neema ameondoka kwenda chuoni kabla ya saa mbili. Amekataa basi, anatembea. Nimemtazama dirishani hadi alipovuka taa za barabara ya Finch. Maishani nimepungiwa mkono na wengi ambao sikuwaona tena. Yeye hakugeuka hata mara moja. Saa kumi atarudi, na njaa.