Tarehe Moja ya Babu na Toleo Jipya

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipovuta kile kiti chako cha kamba kibarazani ukasema unapumzisha macho kidogo kabla ya keki. Macho yakapumzika moja kwa moja. Tunakuandikia gazetini kwa sababu ndivyo ungependa. Barua husomwa na mwenyewe tu, ulisema, lakini gazeti litasomwa hata na mtu aliyefungiwa sabuni nalo dukani.

Kwa wasiokufahamu, ulikuwa mchapaji. Kiwanda chenu kilikuwa nyuma ya duka la vioo, chumba kimoja kirefu chenye mashine zinazopiga kelele na harufu ya wino iliyokufuata mpaka mezani. Kazi yako kubwa ilikuwa kalenda za ukutani, zile za kuchana, karatasi moja siku moja. Chini ya kila tarehe palibaki nafasi ndogo. Tajiri wako hakupenda karatasi iende tupu, akakuambia ujaze chochote. Ulichojaza wewe kilikuwa dunia nzima. Ulinunua vitabu vikuukuu vya historia, vingine havina jalada mbele wala nyuma, ukawa unatafuta kila tarehe imebeba nini, kisha unapanga kwa herufi ndogo: siku kama ya leo meli fulani ilizama, siku kama ya leo mfalme fulani alikimbia nchi.

Nyumbani ukaongeza ya kwetu. Asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, ulichana karatasi ya jana ukasoma ya leo: jambo la dunia kwanza, halafu la humu ndani. Tarehe kumi na saba Desemba ndege ya kwanza yenye injini ilipaa, na tarehe hiyohiyo, miaka mingi baadaye, kaka mkubwa akaruka kutoka juu ya tangi la maji akiwa na mwavuli wa Mama. Ndege ilikwenda mbali zaidi, ulisema, lakini kaka alitua kwa kishindo zaidi. Tarehe ishirini Julai binadamu alitua mwezini, na ndiyo tarehe Mama alipokubali posa yako.

"Ipi ilikuwa kazi ngumu?" ulikuwa unamchokoza.

"Wale walikwenda wakafika," Mama alijibu bila kugeuka. "Wewe ulirudishwa mlangoni mara ngapi?"

Mama hakuwa na muda na historia. Alisema haiivishi maharage. Lakini siku ukichelewa kusoma, yeye ndiye aliyeuliza kama umepoteza miwani.

Ulituambia tarehe ni kama benchi la kusubiria hospitalini. Anakaa mwenye mimba, anakaa mwenye kikohozi, anakaa aliyekuja kuchukua cheti tu. Wako bega kwa bega, lakini hakuna aliyemleta mwenzake. Mfano wako ulikuwa tarehe kumi na mbili Aprili. Siku hiyo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza kule Marekani. Siku hiyo, karibu miaka mia baadaye, ikatangazwa kwamba chanjo ya polio inafanya kazi. Miaka michache tena, siku hiyohiyo, mtu wa kwanza akaenda angani. "Sasa hapo," uliuliza, "mwenye tarehe ni nani?"

Na hiyo ndiyo tarehe kitindamimba wako alipojifungua. Ulitoka kiwandani mbio, mikono myeusi kwa wino, na muuguzi akakukatalia kumshika mtoto. Ukampokea kwa viwiko. Ukamtazama mama yake, ukamtazama yeye, ukasema, "Hili ni toleo jipya. Makosa yote yamesahihishwa." Jina likamganda. Mpaka leo ukimwita kwa lile la kwenye cheti cha kuzaliwa haitiki, ni Toleo Jipya, au Toleo kwa kifupi.

Kitindamimba alikuwa ameacha shule mapema, na hakuna aliyemlaumu ila yeye mwenyewe. Wewe ukaenda kumwandikisha masomo ya jioni bila kumwuliza. "Na mtoto?" alisema. "Mtoto ana babu," ukamjibu, kama vile hilo lilikuwa limeandikwa mahali. Ulimvisha nepi mbele nyuma. Ulimbembeleza kwa kumtajia majina ya miezi mpaka asinzie, ingawa mara nyingi aliyesinzia ulikuwa wewe, karibu na Agosti. Kitindamimba akirudi na madaftari kifuani, alikukuta umelala kochini na mtoto macho kodo kifuani pako, anachezea vifungo vya shati.

Na ulikosea pia, Baba. Tuseme, maana hukupenda kusifiwa bure. Mwaka mmoja kalenda zilitoka na Juni yenye siku thelathini na moja, na zilikuwa zimeshasambazwa kabla mtu hajaona. Mwingine angejificha. Wewe ulileta moja nyumbani ukaitundika sebuleni. "Itazameni vizuri," ulisema. "Hii ndiyo tarehe pekee ambayo hajawahi kufa mtu." Tangu hapo, jambo lisilofanyika nyumbani kwetu hupelekwa huko. Kaka atapaka rangi geti Juni thelathini na moja. Shangazi ataacha kuwasema majirani Juni thelathini na moja.

Mwaka jana, siku kama ya leo, Toleo alikuwa anatimiza miaka minne. Tangu asubuhi ulikuwa unamkatia bendera za karatasi kutoka kwenye mabaki ya kiwandani, ukizitundika kwenye uzi kutoka dirishani mpaka kwenye kabati la vyombo. Keki ilikuwa mezani, imefunikwa kwa sufuria ili nzi wasiikaribie. Alasiri ukavuta kiti. Mishumaa ilipokuwa imechomekwa, tukamtuma Toleo akuamshe. Akaenda, akarudi, akasema, "Babu hataki keki."

Mishumaa haikuwashwa. Keki ilikatwa jikoni na majirani, wakapewa watoto waliofuatana na wazazi wao msibani.

Sasa tukueleze jambo la mwezi uliopita, kwa kuwa lilikuhusu na hukuwepo kuliamua.

Tulikaa sebuleni kupanga siku hii ya leo. Kaka mkubwa, ambaye tangu uondoke anakaa kwenye kiti chako na kukohoa kama wewe kabla ya kusema, akakohoa. "Kumi na mbili ni ya Baba. Hapo hakuna mjadala. Mtoto tumsogeze kumi na tatu. Siku moja tu, hata hatajua."

"Atajua," alisema kitindamimba. "Anasoma kalenda huyo."

"Basi tumrudishe kumi na moja."

"Kaka, mtoto si meza, useme unaisogeza ufagie."

"Mimi nasema hivi," Mama akaingilia, mikono imefumbatwa mapajani. "Siku hiyo sitaki kusikia puto likipasuka ndani ya nyumba hii. Sitaki kusikia mtu anaimba. Mume wangu alitolewa kwenye mlango ule pale. Wengine mna siku nyingi za kucheka."

Hapo pakawa pagumu. Kitindamimba alitaka mwanawe apate siku yake, maana mwaka uliopita hakuipata, lakini angemwambia nini mjane? Akainamisha uso. Shangazi, ambaye hawezi kuvumilia watu wakinyamaza, akapiga makofi. "Jamani, mpelekeni Juni thelathini na moja, yaishe!"

Tulicheka, Baba. Hata Mama alicheka, kidogo, kwa pua.

"Ndiyo," sauti ikatoka nyuma ya kochi. "Mimi nataka hiyo."

Hatukujua kama Toleo alikuwepo. Alitambaa akatoka, mwanasesere wake mmoja kwapani.

"Unataka nini, mama?" kitindamimba akamwuliza.

"Juni thelathini na moja. Babu alisema siku hiyo hafi mtu." Akatutazama mmoja mmoja, kama anayetuchagua. "Nikifikisha mitano Aprili, atakufa nani?"

Akamhamishia mwanasesere kwapa la pili.

"Mimi nilimwita Babu aje ale keki," akasema, polepole, "ndiyo akafa."

Mwaka mzima, Baba. Mwaka mzima mtoto alikuwa anatembea na jambo hilo tumboni, akila nalo, akilala nalo, na sisi watu wazima tunabishania nani asogee wapi. Kitindamimba akakumbuka jinsi Toleo alivyokuwa akinyamaza akiulizwa ana miaka mingapi. Alidhani ni haya za kitoto.

Aliyesimama ni Mama. Alimnyanyua Toleo akampakata, ingawa magoti yake unayajua.

"Nani alikuambia wewe ulimuua babu yako?"

"Hakuna. Ni tarehe."

"Tarehe." Mama akavuta pumzi. "Haya, nisikilize mimi. Tarehe kumi na mbili Aprili kuna mtu alikwenda mwezini."

"Angani, Mama," kaka akasahihisha. "Mwezini ni Julai."

"Nyamaza, nani anaeleza hapa? Alikwenda angani. Juu kabisa, ambako hata ndege hazifiki. Wewe ndiye uliyempeleka?"

Toleo akatikisa kichwa.

"Siku hiyohiyo watu wakatangaziwa dawa ya kuzuia watoto wasipooze miguu. Ulikuwa daktari?"

"Hapana."

"Na vita vilianza siku hiyo. Ulimchokoza nani?"

Hapo mdomo wa Toleo ukataka kucheka, ukajizuia. "Sikumchokoza mtu."

"Hukumchokoza mtu. Wewe ulizaliwa tu. Na babu yako moyo wake ulichoka, daktari alikuwa ameshamwambia, akawa anajifanya hakusikia kwa sababu ni mbishi. Angepumzika hata kama ungezaliwa Desemba." Mama akamweka vizuri mapajani. "Wewe ulimwita aje ale keki. Wengine wanaitwa kudaiwa, wanaitwa kugombezwa. Yeye mara ya mwisho alipoitwa ndani ya nyumba hii, aliitwa na mtoto anayempenda aje ale kitu kitamu. Mimi mwenyewe ningetamani kuitwa hivyo."

Kaka mkubwa alitoka nje kwenda kutazama geti. Shangazi alilia kwa sauti, kama afanyavyo. Kitindamimba alikaa sakafuni, miguuni pa mama yake, kichwa kwenye goti lake, mahali ambapo hakuwa amekaa tangu awe msichana mdogo, na mkono wa Mama ukahamia kutoka kwa mjukuu kwenda kwa binti, ukarudi tena kwa mjukuu.

Baadaye Mama akasema, hamtazami mtu, "Tarehe haisogezwi. Nunueni maputo." Halafu, kwa kuwa ni Mama, "Ila yasiwe mengi."

Hatusemi woga wa mtoto uliisha pale pale. Siku chache zilizofuata aliuliza na kuuliza. Aliuliza kama Shangazi anaumwa. Aliuliza kama moyo wa baba yake, dereva, umechoka, na baba yake akasimamisha lori karibu na nyumba akaruka kamba mbele yake mpaka majirani wakatoka kutazama. Kila jibu alilichukua, akalipima, akaliweka.

Kisha jioni moja kitindamimba alikuwa anamwogesha kwenye beseni, povu limejaa masikioni, akaanza upya.

"Mama, Babu amekufa miaka mingapi?"

"Bado kidogo utimie mmoja."

"Utatimia lini?"

Kitindamimba alisita, kisha akasema kweli. "Siku unayotimiza mitano."

Toleo akahesabu kwa vidole. Maji yakawa yanadondoka kutoka kwenye viwiko vyake. Mama yake alimtazama kwa hofu, anasubiri uso ubadilike.

"Mimi mitano, Babu mmoja."

"Ndiyo."

"Nikifika sita, yeye anafika miwili."

"Ndiyo, mama."

"Kumbe mimi ndiye mkubwa wake." Akasema hivyo bila huzuni hata kidogo, kwa sauti ya mtu aliyepewa kazi. "Basi nitamtunza."

Kitindamimba alimmwagia maji kichwani haraka ili asionekane analia, na Toleo akalalamika kwamba sabuni imemwingia machoni, na ikawa jioni kama jioni nyingine.

Kwa hiyo, Baba, leo umefikisha mwaka mmoja. Asubuhi tunakuja kung'oa majani kaburini kwako na kukaa nawe kidogo. Alasiri tutawasha mishumaa mitano, na tutaimba, na Mama amesema ataimba, ingawa unajua sauti yake. Vipande vya keki Toleo ameshavigawa kwa maneno, nani apewe kikubwa na nani kidogo. Chako pia kipo. Ameagiza kiwe chembamba sana, kwa sababu mtoto wa mwaka mmoja hapewi sukari nyingi.

Wanaokukumbuka kwa upendo ni mkeo, anayesema kitanda kimekuwa kipana mno, mwanao mkubwa, aliye fundi umeme, kitindamimba wako, anayefanya mtihani wa mwisho wa masomo ya jioni mwaka huu, na ana matumaini, mkweo dereva, dada yako, ambaye bado anawasema majirani, wenzako wote wa kiwandani, na mkubwa wako, Toleo Jipya.

Tutakukumbuka daima, Baba, na kukucheka kidogo pia, kama ulivyopenda.