Kinyago cha Mzee Pasang Kina Tundu Moja

Haltom City, Jumapili, Agosti 2009

Joto la Texas limekaa juu ya paa kama mgeni asiyejua kuaga. Nami, fundi asiye na mfano kuanzia Lamu hadi Fort Worth, leo sina hamu hata ya kujisifu. Basi jueni mambo yameharibika.

Mzee Pasang wa ghorofa ya chini amefariki mchana huu.

Kwao ni milima ya Himalaya. Alichonga vinyago vya dini, vile ambavyo wachezaji huvaa siku ya sikukuu kufukuza mabaya. Mimi siku hizi naendesha lori la samani, lakini nyumbani nilichonga milango, na hilo nilimwambia siku ya kwanza tulipokutana kwenye mashine za kufulia. Nikamwambia na zaidi: hakuna mti ulionishinda. Tangu hapo akaniita bhai, yaani ndugu, kama Wahindi wauza duka wa Mombasa.

Nilimletea gogo la mpekani, mti wa njugu wa huku Texas, ulioangushwa na dhoruba. Akalalamika kuwa ni gumu kama moyo wa mwenye nyumba, lakini akachonga: meno, pua, nyusi za moto. Alipokifukiza kinyago moshi ili kiive rangi, king'ora cha jikoni kikalia, jengo zima likatoka nje na watoto na masufuria. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha kiharusi kikamchukua mkono wa kulia.

Kwenye kinyago yalibaki macho tu. Kwa ukoo wao macho hutobolewa mwisho. Akaniomba niyatoboe mimi, mwanawe Dorje akivae, naye aone walau mara moja mtu akimtazama kutoka mle ndani. Hakutaka kingine.

Sasa, milango yetu ina maua, ina minyororo, haina uso. Aliyenifunza kazi alikuwa akisema mkono uliochonga jicho utakuja kuambiwa Siku ya Kiyama ulitie roho. Mimi mwenye maneno mengi sijapata kuchonga jicho hata la samaki. Kumwambia hivyo nikaona haya, nikaleta mizaha. Patasi butu, Mzee. Kesho, Mzee. Mke wangu Mwanaisha naye akasema, "Sanamu hilo lisivuke kizingiti changu. Na huo mdomo wako siku moja utakufunga."

Jana Mzee akaniambia, kwa kile Kiingereza chetu cha kuokoteza, "Bhai, si jicho. Ni tundu. Jicho ni la atakayevaa."

Leo nikashuka na patasi. Mpekani hauna haraka. La kushoto lilipopenya tu, Dorje akanishika bega, maana pumzi za Mzee zilikuwa zikikatika. "Anko, basi. Nipe hivyo hivyo." Akakivaa, akapiga magoti kando ya kitanda. Macho ya Mzee yalikuwa wazi.

Kama aliona, kama hakuona, sijui. Nimemuuliza Dorje, naye hajui.

Dorje kanipa kinyago nikimalize. Nilikiacha kibarazani, maana sheria ya nyumba naijua. Nilipotoka kuoga nikakuta Mwanaisha amekiingiza ndani, amekilaza mezani, amekifunika kanga yake nzuri. Nami sikutania.

Patasi iko kando yake. Kesho kabla ya kazi nitatoboa tundu la pili. Wa kutazamwa hayupo tena, lakini nilimwambia hakuna mti ulionishinda.